King'ora kilichoanza kukoroma: kisa cha mota ya kilowati 3 kwenye korona ya mkonge

"Kile king'ora chenu siku hizi hakilii, kinakoroma."

Aliyesema hivyo ni mama muuza vitumbua katika kambi moja ya shamba la mkonge mkoani Tanga, kilomita mbili hivi kutoka korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaitazama ovaroli yangu yenye grisi na kuniuliza kama ndiye fundi aliyeitwa. Nikamwambia ndiye. Akanieleza kwamba zamani alikuwa akikisikia hata akiwa ndani anapika, mlango umefungwa, lakini tangu kitengenezwe, asubuhi anakisikia kwa kutega sikio, na upepo ukigeuka hasikii kitu.

Uongozi wa shamba haukuwa umeniita kutengeneza king'ora. Kwa hesabu yao kilikuwa kizima, kwa sababu mota ilibadilishwa miezi mitatu nyuma na kila siku kilizunguka bila matata. Nilichoitiwa ni kuwashauri wajenge wapi mnara wa king'ora cha pili, maana kambi tatu za mbali zililalamika kwamba hazisikii. Wengine walisema ni miti iliyokua, wengine wakasema kimezeeka. Yule mama ndiye wa kwanza kuniambia kwamba kimebadilika sauti, na kwamba kilianza kubadilika siku ile kilipotengenezwa.

Kwenye mkonge jambo hili si dogo. Singa, zile nyuzi za mkonge, ikishakauka inawaka upesi mno, na vumbi la chumba cha brashi ni hatari zaidi. Mlio mmoja mrefu ni wa zamu. Mlio wa kupanda na kushuka ni wa moto, na ukilia watu wa kambi zote hutoka na ndoo, majembe na matawi mabichi. Kambi isiyosikia haiji.

Nieleze kidogo king'ora cha aina hii kinavyofanya kazi, kwa kuwa kisa chote kimefungwa hapo. Hakina spika ndani yake. Kina ngoma ya alumini iliyokazwa kwenye shafti ya mota, yenye mapezi yanayovuta hewa katikati na kuisukuma pembeni. Ngoma ina matundu ubavuni, nayo inazunguka ndani ya ganda lililosimama lenye matundu ya idadi ileile. Matundu yakikutana hewa inatoka, yakipishana inazibwa. Kila kutoka ni pigo moja la hewa, na mapigo yakiwa mamia kwa sekunde sikio linayasikia kama mlio. Hiki cha korona kina matundu 12, kwa hiyo ngoma ikizunguka mara moja hewa inapiga mara 12.

Mfaransa Charles Cagniard de la Tour, aliyekipa chombo hiki jina lake la siren mwaka 1819, hakuwa na nia ya kumwonya mtu. Alikitumia kupimia sauti: ukijua matundu ni mangapi na gurudumu linakwenda kasi gani, unajua mlio una mitetemo mingapi kwa sekunde. Mimi nilikwenda kinyume chake. Matundu nilikuwa nayajua, sauti nilikuwa naisikia, basi kasi ya mota ningeweza kuipata nikiwa chini, kabla sijagusa ngazi.

Saa sita mchana, king'ora kilipolia, nilisimama uani nikiwa na simu yenye programu ya kupima mlio. Ilisoma hezi 298, yaani mitetemo 298 kwa sekunde. Gawanya kwa 12, zidisha kwa 60, unapata mizunguko 1,490 kwa dakika. Hapo nikawa na shaka kubwa, ila nilitaka kujua sauti ya zamani ilikuwa ipi. Kijana wa stoo akakumbuka kwamba anayo video ya mechi ya mpira ya mwaka uliopita, iliyochezwa uwanja wa jirani, na king'ora kililia mchezo ukiendelea. Tuliicheza mara nne tukiwa tumeisogeza simu yangu karibu na yake. Hezi 575. Hiyo ni mizunguko 2,875.

Kwa hiyo king'ora hakikuzeeka hata kidogo. Kilikuwa kinazunguka nusu ya kasi yake.

Mtu asiyefanya kazi hizi anaweza kudhani nusu ya kasi ni nusu ya sauti. Ingekuwa hivyo kungekuwa na nafuu. Chombo chochote kinachosukuma hewa kwa mapezi hula nguvu kwa mchemraba wa kasi: punguza kasi nusu, nguvu inayoingia kwenye hewa inashuka hadi sehemu moja ya nane. Kwa desibeli, umepoteza 9. Na kwenye uwazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6 hivi. Ukipiga hesabu hiyo, aliye kilomita 2 anasikia kama vile amehamia zaidi ya kilomita 5. Yule mama hakusogea, ila mlio ulisogea mbali naye.

Nilimwomba fundi umeme wa korona tuangalie mota. Ni kijana makini, na naandika hivyo kwa dhati, maana kosa lililofanyika pale lingemkuta mtu yeyote. Alinionyesha mota iliyofungwa: kilowati 3, volti 400, fremu (saizi ya umbo) 100L. Kisha tukaenda stoo kuitafuta ile ya zamani. Ilikuwa chini ya magunia, imeungua, imepakwa rangi ya kijivu mara nyingi hata kibati chake cha maelezo kikawa bamba laini lisilo na herufi. Tulimwaga tina ya rangi kwenye kitambaa tukasugua taratibu. Kwanza ikatokea 50, kisha 3 kW, kisha upande wa kulia, tarakimu moja moja, mizunguko kwa dakika: 2 8 8 0.

"Hii ndiyo sikuiona," akasema. "Mimi nilipima."

Kweli alipima, na alipima vizuri. Urefu kutoka miguu hadi katikati ya shafti milimita 100. Shafti milimita 28. Matundu ya miguu milimita 160 kwa 140. Aliviandika vyote kwenye kikaratasi, akaongeza kilowati 3 kwa kukumbuka, akatuma mjini. Mtego upo hapo: katika vipimo vya kimataifa vya mota, fremu ya 100L inatengenezwa kwa kilowati 3 ya poli mbili (poli ni ncha za sumaku ndani ya mota), na inatengenezwa pia kwa kilowati 3 ya poli nne. Miguu ni ileile, shafti ni ileile, hata kii ni ileile. Kwa umeme wa hezi 50, ya poli mbili inakwenda karibu na mizunguko 3,000 na ya poli nne karibu na 1,500. Muuzaji akiagizwa kilowati 3 bila kuambiwa kasi atatoa ya poli nne, kwa sababu ndiyo inayouzika kila siku kwa mashine za kusaga na mikanda. Ilifika, ikaingia kwenye boliti zake kama imezaliwa hapo, ngoma ikapanda bila kugongwa, king'ora kikazunguka. Kuna ushahidi gani zaidi ambao mtu angetaka?

Ulikuwepo mmoja, nao ulisomwa kinyume. Klampu mita, kifaa cha kupimia ampea, ilionyesha ampea 3.4 wakati kibati cha mota mpya kinasema 6.6. Wakasema vizuri, mota haichoki. Mota ya king'ora isiyochoka haisukumi hewa. Nikiona mota ya feni, ya pampu au ya king'ora inakula nusu ya ampea zake, swali langu la kwanza huwa ni kazi imekwenda wapi.

Bosi wa karakana aliuliza, kwa haki kabisa, kama ile mota mpya haiwezi kuokolewa. Tulizijadili njia mbili. Ya kwanza ni kuisuka upya iwe ya poli mbili. Niliikataa: chuma cha stata, sehemu ya mota isiyozunguka, kwa poli nne kina mgongo mwembamba, na ukiisuka poli mbili kila poli inapitisha sumaku nyingi zaidi kwenye mgongo uleule. Chuma kinashiba, mota inakula ampea nyingi hata ikiwa haina mzigo, na inachemka. Ya pili ni kuweka kifaa cha kubadilisha mawimbi ya umeme ili mota ipate hezi 100. Inawezekana kwenye karatasi, lakini kwa kasi hiyo mota hubaki na robo tu ya uwezo wake wa juu kabisa wa kukokota, na kifaa chenyewe ni cha kielektroniki, kitawekwa kwenye kibanda chenye vumbi la singa na radi za masika. Chombo cha kuita watu kwenye moto nataka kiwe na vitu vichache vya kuharibika. Mota ya poli nne ikapelekwa kwenye mkanda wa makapi, ambako mota ilikuwa inahitajika, na tukaagiza ya poli mbili.

Wakati tunaisubiri nilirudi kwenye swali lililokuwa limeachwa: ile ya kwanza iliungua kwa nini? Tuliifungua. Makundi mawili ya koili yalikuwa meusi kama makaa, kundi la tatu likiwa na rangi yake ya vanishi kabisa. Mota iliyofungwa nyota, yaani koili tatu zikikutana ncha moja, ikiungua hivyo, tafuta fezi iliyokosekana, yaani waya mmoja kati ya mitatu inayoleta umeme. Hatukutafuta sana. Kontakta, swichi inayopeleka umeme kwenye mota, ilikuwa na mguu mmoja ulioliwa na cheche hadi haugusi. Askari wa getini, ambaye ndiye anayebonyeza kitufe, alinieleza: "Siku ile kilinguruma tu, hakikuzunguka. Nikaacha. Nikabonyeza tena. Mara tano, sita hivi. Halafu nikasikia harufu."

Rilei ya ovalodi, kifaa cha kukata umeme mota ikila ampea kupita kiasi, ilikuwapo. Ilikuwa imewekwa ampea 10, mwisho wa gurudumu lake, kwa mota ya ampea 6.1, tena kwenye otomatiki, kiasi kwamba ikikata inajirudisha yenyewe. Mota iliyokwama kwa fezi mbili ilikuwa inakula ampea thelathini na kitu. Kwa mpangilio ule ilichemka muda mrefu kila kitufe kilipobonyezwa, rilei ikakata, ikajirudisha, ikachemka tena.

Nikauliza nani aliipandisha hadi 10. Hakuna aliyejua, ilikutwa hivyo. Lakini sababu yake ilijionyesha yenyewe siku tuliyofunga mota mpya, na kwangu hapo ndipo kiini cha kisa chote.

Kazi ya kufunga ilichukua siku nzima. Tulipita kambini jana yake kuwaambia watu kwamba kutakuwa na majaribio wasikimbie, na kipande cha reli kinachoning'inia getini kiliandaliwa kigongwe kama moto ukitokea kweli. Swichi kuu tuliitia kufuli, ufunguo nikauweka mfukoni. Ngoma ya alumini tuliitoa kwa pula ya miguu mitatu baada ya kuipaka mafuta ya kulainisha kutu na kuiacha saa nzima. Hapo nyundo hairuhusiwi. Ngoma ikipinda hata kidogo itatetema kwa kasi ya 2,900, na pezi likipasuka kwa kasi hiyo linaruka kama panga.

Mota ilipokaa, nilipitisha fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi, kati ya ngoma na ganda. Juu milimita 1.6, chini 0.8. Shafti ilikuwa chini kidogo. Si kasoro, vipimo vya mota huruhusu kimo kupungua hadi nusu milimita, lakini kwa chombo chenye nafasi ndogo hivi nusu milimita ni kubwa. Tulikata vipande vya bati la milimita 0.4, kimoja kwa kila mguu, tukainua, tukakaza. Ikasoma 1.2 pande zote. Niliizungusha kwa mkono, sikio likiwa karibu. Kimya. Miungo ya nyota kwenye kisanduku cha nyaya tuliikagua mara mbili, maana mota ya volti 230 kwa 400 ukiifunga delta kwenye umeme wa 400 inakufa asubuhi hiyohiyo.

Rilei nikaishusha hadi 6.1, nikaiondoa kwenye otomatiki. Askari akabonyeza.

King'ora kikaanza kupanda. Kwanza mvumo, kisha mlio mnene, kisha ukawa unapanda kuelekea ile sauti ya kwenye video, na kwenye sekunde ya 8, kabla hakijafika, rilei ikakata. Mlio ukashuka ukafa. Nikamwona kijana wa umeme akinyoosha bisibisi kuelekea gurudumu la rilei.

Ndivyo ilivyotokea na kwa mwenzake wa zamani, nina hakika. Alisimama palepale, rilei ikamkatia katikati ya kupanda, akazungusha hadi ikaacha kukata. King'ora kikalia, naye akaenda nyumbani akiwa amemaliza kazi. Kuanzia siku hiyo mota haikuwa na ulinzi.

Ngoma ya king'ora ni nzito na kipenyo chake ni kikubwa, inachelewa kushika kasi. Pampu ya kawaida inafika kasi yake ndani ya sekunde moja au mbili. Hii ilihitaji 11, na muda karibu wote huo mota inakula mara sita ya ampea zake. Rilei zinazouzwa kwa kawaida ni za daraja la 10, yaani kwa ampea za kuanzia zinapaswa kukata kabla ya sekunde 10 kwisha. Haikuwa mbovu, ilifanya kazi yake sawasawa. Iliyohitajika ni ya daraja la 30, inayovumilia kuanza kwa muda mrefu lakini ikisimama kwenye 6.1 ileile. Ile ya poli nne haikuwahi kulalamika kwa sababu kufikisha ngoma nusu ya kasi kunataka robo tu ya nishati. Hata hilo lilisaidia kuficha kosa.

Tulipokuwa tunasubiri rilei kutoka mjini nilipima umeme kwenye kisanduku cha mota wakati wa kuanza. Volti 362, wakati kwenye paneli ni 400. Kebo ya milimita 2.5 za mraba ilikuwa inasafiri mita 140 hadi mnarani. Mota inapopungukiwa volti nguvu yake ya kukokota inapungua kwa mraba wake, kwa hiyo kebo ile peke yake ilikuwa inakula karibu moja ya tano. Kulikuwa na kebo ya milimita 6 iliyong'olewa kwenye pampu ya mto iliyohamishwa. Tuliipitisha. Volti wakati wa kuanza zikawa 383, na kupanda kukashuka hadi chini kidogo ya sekunde 10.

Jambo moja tulibishana, na sidhani lina jibu moja. Mota niliyoagiza ina vihisi joto ndani ya koili. Mlio wa moto ni wa kukata na kurudisha umeme, kila kurudisha ni kuanza upya kidogo, na joto linajilimbikiza. Je, vihisi vikate king'ora moto ukiwa unawaka? Bosi wa karakana alisema hapana, heri mota iungue king'ora kikiwa kinalia. Hoja yake naiheshimu. Nilichoshauri, na ndicho kilichofanywa, ni vihisi viwashe kwanza taa nyekundu mbele ya askari, na vikate kwenye kiwango cha pili cha juu, kwa sababu mota ikiungua dakika ya nne hakuna tena mlio wa dakika ya kumi wala wa kesho. Tulijaribu mlio wa moto dakika 3 mfululizo, sekunde 5 umeme, sekunde 5 bila. Ganda la mota likafika nyuzi 58, na taa haikuwaka.

Rilei ya daraja la 30 ilifika Alhamisi. Kontakta ilikuwa imeshabadilishwa. King'ora kilipanda hadi mwisho, simu ikasoma hezi 578, mizunguko 2,890. Klampu mita ilisoma ampea 5.6. Mota ilikuwa inafanya kazi.

Nilikuwa nimempa mdogo wangu wa kazi pikipiki aende kambi ya mbali akasimame karibu na yule mama. Alinipigia simu, na kabla hajasema neno nilisikia mlio wetu ukiingia kwa nyuma yake, umechelewa sekunde sita hivi kama inavyopasa kwa umbali ule. "Mama anasema kimepona," akaniambia, "na anauliza kama saa hii ni zamu au ni majaribio yenu."

Mnara wa pili haukujengwa. Mota ya zamani imepelekwa kusukwa kwa poli zake mbili iwe akiba. Ndani ya mlango wa paneli tuliandika kwa rangi nyeupe: poli 2, mizunguko 2,880, ampea 6.1, rilei daraja la 30, kupanda sekunde 10, hezi 575. Askari aliomba tumwandikie na yeye kwenye ukuta wa kibanda chake mstari mmoja tu, nao tuliuandika: kikinguruma bila kuzunguka, usibonyeze mara ya pili, gonga reli na uite fundi.